Ekseli ya kwadi ikigoma kutoka, weka nyundo chini kwanza

Binamu yangu ana kwadi moja. Hana kampuni, wala hana zile kwadi kumi zilizopangwa kwa mstari mbele ya hoteli. Ni moja tu, nyekundu, ya mtumba, aliyoinunua kwa akiba yake na mkopo wa chama. Anaikodisha Diani kwa watalii na kwa wale wageni wa bara wanaojaa Pwani shule zikifungwa.

Kama bado hujapanda, kwadi ni ile pikipiki ya magurudumu manne mapana isiyojali mchanga wala matope. Utaziona Diani, utaziona kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui kule Kilifi, na hata Naivasha ambako hakuna bahari. Mteja analipia nusu saa au saa nzima, anapita vijijini akirukaruka, anapiga picha, anarudi amejaa vumbi na kicheko. Ukiwa na kwadi nzima na msimu mzuri, mkono unaenda kinywani.

Shida iko hapo kwenye "kwadi nzima".

Biashara hii ina misimu yake. Disemba, Pasaka na Agosti kuna watu. Masika yakianza, tangu Aprili hadi Juni hivi, hoteli nyingine hata hufunga milango. Binamu aliifunika kwadi yake kwa turubai chini ya mnazi, akavuka Likoni kwenda Mombasa kutafuta vibarua. Aliporudi Julai akaiwasha, injini iliitika vizuri tu. Lakini nyuma kulikuwa na mngurumo kama mashine ya unga iliyomeza mawe. Ukishika gurudumu la nyuma na kulitikisa, linacheza huku na kule. Beringi zimekufa.

Beringi zenyewe si pesa nyingi. Ila huwezi kuzifikia bila kutoa ekseli, na ekseli haikuwa na mpango wa kutoka. Agosti ilikuwa wiki tatu mbele, na chama kilitaka marejesho yake mwisho wa mwezi, wateja wawepo wasiwepo.

Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Nairobi kwa siku kumi za kupumzika. Nilipumzika siku moja.

Kwanza uelewe chombo chenyewe. Kwadi nyingi za michezo zinazotumia cheni, kama hii yetu, zina ekseli moja ya nyuma. Ni fimbo nzito ya chuma, karibu mita moja, inayotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia bila kukatika. Katikati inapita ndani ya nyumba ya beringi, ambayo ni kama bomba fupi nene lenye beringi mbili, na sili za raba kila upande. Kando yake kuna sproketi inayovutwa na cheni, na diski ya breki. Mwishoni, kila upande, kuna habu ambayo gurudumu hufungwa kwayo. Habu, sproketi na diski hazijachomelewa. Zimekaa juu ya meno madogo yaliyochongwa kwenye ekseli, zinaingia kwa kuteleza, kisha nati zinazikaza.

Zile kwadi kubwa za kazi, zenye difu kama ya gari, ni hadithi nyingine: kila gurudumu la nyuma lina ekseli yake fupi, imeshikwa kwa ndani na klipu ndogo, na inatolewa kwa kuvutwa kwa mshtuko. Hizo tuziache leo.

Sasa hesabu mahali ambapo chuma kinalala juu ya chuma. Habu mbili, sproketi, kishikio cha diski, beringi mbili. Sehemu sita, na kila moja ni kichaka cha maji ya chumvi kujificha.

Kutu nayo si rangi ya kahawia tu. Chuma kikikutana na maji na hewa kinageuka kitu kingine, na hicho kitu kinataka nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma cha mwanzo. Ndani ya mwanya mwembamba kama unywele hakuna pa kupanukia, kwa hivyo kinabana. Chumvi inaharakisha mchezo mzima. Na lile turubai, ambalo binamu aliliona kama mwavuli, lilifungia unyevu ndani miezi mitatu.

Siku ya kwanza tulifanya kile ambacho kila kijana mwenye misuli na bando za intaneti hufanya. Tulitoa magurudumu. Habu ya kulia ilitoka kwa pula baada ya kelele nyingi. Kisha tukakutana na nati mbili kubwa zinazokumbatiana kando ya nyumba ya beringi, upana wake zaidi ya milimita 40, za aina ambayo huwekwa gundi ya nati ili zisilegee. Tulizunguka Ukunda nzima kuazima spana ya kutosha. Tukachomeka paipu kwenye mkono wa spana, tukaning'inia wote wawili, na jioni zikaachilia pamoja na ngozi ya vidole vyangu.

Siku ya pili ilikuwa ya nyundo. Nyundo kubwa, moja kwa moja kwenye ncha ya ekseli, chuma kwa chuma. Binamu alipiga, nikapiga, akaja jirani akapiga. Kila pigo lilikuwa linaruka kurudi, unalisikia kwenye meno. Ekseli haikusogea hata upana wa ukucha. Ile ncha ndiyo iliyosogea: ilianza kutanuka kama kofia ya uyoga, na uzi wa nati ukalala chini.

Jirani akashauri tukate kwa grainda, tuagize nyingine. Binamu alikaa kimya kwa muda. Ekseli mpya ya kwadi ile haipatikani Ukunda, na hata Nairobi, kule Kirinyaga Road, usishangae ukiambiwa isubiriwe kutoka nje. Kukata kungechukua dakika tano. Kusubiri kungekula Agosti yote.

Siku ya tatu tulimwendea mzee mmoja fundi wa Ukunda anayetengeneza pikipiki na mashine za boti. Mtu wa mashine za boti anaijua chumvi kuliko sisi wote. Alikuja na begi dogo tu, akainama, akatazama ile ncha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeigonga?"

"Tumeigonga, mzee."

"Bila nati?"

Hakuna aliyejibu. Akatingisha kichwa, akaomba kiti.

Swali lake lililofuata hatukuwa tumejiuliza siku zote mbili: imekwama wapi? Sisi tulikuwa tunasema "ekseli imekwama" kana kwamba imekwama kila mahali. Mzee alipulizia mafuta kwenye sproketi, akaigonga kidogo kwa ubao, ikateleza juu ya meno. Hiyo haina kesi. Habu na diski za upande wa kushoto zilikuwa ngumu, lakini hazikutuhusu, kwa sababu ekseli ingetoka kuelekea kushoto ikiwa imezibeba. Mshukiwa akabaki mmoja: pete za ndani za beringi, zilizoota kutu juu ya ekseli mpaka zikawa kitu kimoja nayo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyundo ilishindwa. Tulikuwa tunapiga mwisho mmoja wa fimbo ya mita nzima, na nguvu inapotelea kwenye kunyumbuka kwa fremu, kwenye raba za magurudumu ya mbele, kwenye ncha inayopondeka. Pale penye kutu panafika kidogo sana.

Mzee alitoa tangi la petroli na betri, akaviweka mbali, nyuma ya nyumba. Alichokonoa sili za raba zikatoka, maana zingebadilishwa hata hivyo na zilikuwa zinazuia mafuta kupenya. Halafu tukainamisha kwadi nzima kwa ubavu, tukaiegemeza kwenye mnazi na kuifunga kamba. Ukitaka mafuta yashuke kwenye mwanya, acha yashuke, usiyalazimishe kupanda ukuta.

Mchanganyiko wake ulikuwa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yale mekundu. Asetoni ni nyepesi mno, inabeba mafuta hadi ndani, kisha inapotea hewani na kuyaacha humo. Ila inakula rangi, plastiki na raba, na inashika moto haraka kama petroli. Watu wengi hukimbilia kopo la WD-40. Mimi pia. Lakini hizo herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi hiyo, kuzuia kutu. Kwa kufungua nati ndogo itakusaidia. Kwa ekseli iliyolala na chumvi miezi mitatu, tafuta mafuta ya kupenya hasa.

Tulimimina, tukagonga nyumba ya beringi pole pole kwa nyundo ndogo ili mtikisiko uyasaidie mafuta kutambaa, tukaondoka. Usiku tukamimina tena. Asubuhi tena. Kama wewe ni mtu wa haraka, hapa ndipo utakapoharibu kazi.

Siku ya nne ukafika wakati wa moto. Nyumba ya beringi ya kwadi hii ni ya alumini, na alumini ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Nilimuuliza mzee swali la mtu wa mjini: tundu likipashwa moto si litajaa na kukazana zaidi? Akacheka. Pete ikitanuka, inatanuka yote, na tundu lake linakuwa kubwa pamoja nayo. Nilipiga hesabu baadaye kwenye simu: tundu la alumini la milimita 65 likipanda nyuzi 80 linaongezeka kama sehemu 12 za mia za milimita, wakati beringi ya chuma iliyo ndani, hata ikipata joto lile lile, inaongezeka nusu ya hapo. Tofauti yenyewe ni nyembamba kuliko karatasi. Inatosha.

Akapasha kwa tochi ya gesi akizunguka nyumba nzima, bila kukaa mahali pamoja. Kipimajoto chake kilikuwa matone ya maji kutoka kidoleni. Yakikaa yakitoa moshi taratibu, bado. Yakichirizika na kuruka, inatosha. Ukipitiliza na alumini haikupi onyo kwa kuwa nyekundu kama chuma, inalainika tu na kukuharibikia mkononi. Zile nati za siku ya kwanza nazo, alituambia, zingetaka moto: gundi kali ya nati hulegea ikifika kama nyuzi 250, na tungefungua bila kuacha ngozi.

Kabla hujaiga, kuna mambo ya kuua hapa na sitayapitia mbio. Asetoni lazima iwe imekauka kabisa kabla ya moto kuwashwa. Matangi, plastiki za mabawa na mpira wa mafuta ya breki vikae mbali. Na usipulizie dawa ya kusafisha breki mahali utakapopasha, kwa sababu baadhi zina klorini, na zikiungua zinaweza kutoa fosjini, gesi ile ile iliyotumiwa kuua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huhitaji nyingi kujimaliza. Halafu macho: ukipiga chuma kigumu kwa nyundo ngumu, kipande kinaweza kuruka kama risasi. Siku ile ya pili watatu wetu tulipiga bila miwani hata mmoja. Mungu alitusaidia tu.

Mzee alichonga uzi uliolala kwa faili ndogo hadi nati ikakubali kupanda. Akaizungusha hadi uso wake ukawa sawa na ncha ya ekseli, ili pigo lishikwe na nati na ncha pamoja. Juu yake akaweka kipande cha boriti ya mkoko, mti mgumu unaojulikana na kila mjenzi wa Pwani. Kipande cha shaba ni bora zaidi, lakini alichonacho ni mkoko. Kisha akampa binamu nyundo ile ile kubwa.

Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. La tatu sauti ikabadilika. Mlio ule wa kengele ulikufa, ukawa mzito, kama kupiga gunia. Mzee akainua mkono. Ekseli ilikuwa imesogea milimita mbili.

Tulidhani sasa ni kupiga hadi itoke. La. Alituamuru tuigonge kurudi ilikotoka. Binamu alinitazama kama kwamba mzee amechanganyikiwa. Lakini ukiendelea upande mmoja tu, kutu iliyovunjika inajikusanya mbele na kukubana upya. Mbele milimita tano, nyuma milimita tatu, mafuta, msasa kwenye sehemu iliyojitokeza ili uchafu usiburutwe ndani, mbele tena. Moto ukipoa tunapasha. Tulienda hivyo kama saa mbili.

Beringi ya kulia ilikuwa imekwisha kiasi kwamba goroli zake zilianguka zenyewe, ikabaki pete ya ndani. Ya kushoto iligoma kuachana na ekseli, basi nyumba ya alumini ilipotanuka vizuri, ekseli ikatoka na beringi yake mgongoni, kama konokono. Watoto wa jirani walipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga.

Kuondoa zile pete mbili ilikuwa kazi ya grainda, na hapo ndipo inaporuhusiwa. Unakata mfereji kwenye pete karibu ufike chini, lakini usiguse ekseli, kisha unaweka patasi kwenye mfereji na kupiga mara moja. Chuma cha beringi ni kigumu na kikavu, kinapasuka kwa mlio mmoja. Beringi inafia kazini ili ekseli ipone, na hiyo ndiyo hesabu yote ya kazi hii. Sili na beringi ni vitu vya kutupwa. Nati ukilazimika, tupa. Ekseli ndiyo ya mwisho.

Kuna gereji zinazokata ekseli kabla hata hazijamimina mafuta, halafu zinakuandikia risiti ya ekseli mpya. Siwezi kusema kila anayekata ni mwizi. Kama meno yamelika, kama fimbo imepinda, kama kutu imekula mashimo pale beringi inapokaa, kata na usilie. Lakini muulize fundi amejaribu nini kwanza, na amejaribu kwa muda gani.

Yetu tuliilaza juu ya vipande viwili vya mbao vilivyochongwa pembe, tukaizungusha huku tukitazama mwanya kati yake na ncha ya msumari. Haikupinda. Pale pa beringi palikuwa na madoa, si mashimo. Kilichoharibika ni kile tulichoharibu wenyewe: uzi wa ncha ya kulia. Faili ya mzee ilitosha kupandisha nati kwa mkono, haikutosha kuiamini na gurudumu lenye mtalii juu yake. Kwa hivyo kesho yake nilijikuta kwenye feri ya Likoni na ekseli begani, imefungwa gazeti, nikienda kwa fundi wa kukereza vyuma Mombasa. Mama mmoja aliniuliza kama ni bomba la kisima. Nilikubali tu.

Kukereza kulitupotezea siku tatu na pesa ambazo zingenunua beringi mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya nyundo ya siku ya pili.

Kurudisha ni rahisi ukilinganisha. Safisha meno yote kwa brashi ya waya, paka grisi ya kutosha, ile inayozuia chuma kushikana ukiipata, juu ya meno na pale beringi zinapokaa, weka beringi na sili mpya, kaza nati, gundi upya, pini mpya kwenye nati za habu. Usitumie pini ya zamani iliyonyooshwa, tafadhali. Na kila baada ya miezi michache toa ekseli hata kama haina shida, ipake grisi, irudishe. Ni kazi ya alasiri moja ikiwa haijashika.

Halafu kuna suala la kuosha. Binamu alikuwa anaosha kwadi yake kila jioni, kwa bidii, tangu siku ya kwanza. Mzee alimuuliza anatumia maji gani. Ya kisima. Mzee akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja, akatema. Visima vingi vya huku karibu na bahari vina chumvi, na wenyeji wanalijua hilo vizuri kwenye chai, ila hakuna aliyewaza kuhusu kwadi. Alikuwa anaosha chumvi kwa chumvi. Sasa ananunua maji ya mfereji kwa mitungi, analalamika kila siku, anamimina polepole bila pampu ya presha, kwa sababu presha inasukuma maji kupita sili na kuingia kule kule tulikotoka kuhangaika. Na turubai amelitundika juu ya nguzo, hewa ipite chini.

Kwadi ilirudi kazini wiki ya kwanza ya Agosti. Chama kililipwa kikiwa kimechelewa wiki mbili, na faini juu. Juzi binamu alinipigia simu akicheka. Kijana mmoja wa Mambrui amesikia habari zake, ana kwadi yenye ekseli iliyokwama, anataka msaada, yuko tayari kulipa nauli na kazi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemuuliza kama ameshaigonga."